Kwanza Uliza Inabeba Nini

Siku mliyoniaga pale gereji mlinipa maikrofoni, nikashindwa kusema. Mkadhani ni machozi. Wala! Ilikuwa hasira. Mnaniaga kwa keki na maua ya plastiki, huku nyuma namsikia Denis akinong'ona, "Afadhali, hakuna tena wa kutuuliza inabeba nini." Mkacheka wote. Nikala wali wenu, nikarudi nyumbani. Sasa nina muda na kiuno kimekataa kulima yale mashimo yetu ya ngolo, basi tulieni niwaambie swali lile lilitoka wapi. Hamkuwahi kuniuliza, na mimi sikuwahi kuwaambia.

Nilianza kazi wakati Mbinga ina gereji moja tu ya pikipiki inayoeleweka, ile ya Mzee Hyera, nyuma ya maghala ya kahawa. Nilikuwa nimetoka kujifunza ushonaji kwa masista, na cherehani niliyoahidiwa haikuja. Mzee Hyera alikuwa jirani wa shangazi yangu. Akamwambia, mtoto anayeweza kutunga uzi kwenye sindano anaweza kupanga gololi, mlete. Nikaenda asubuhi na gauni langu zuri, kwani nilijua nini mimi?

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mkeka uko wapi?"

"Mkeka wa nini?"

"Wa kazi, Tekla. Kwani unakuja kufanya nini hapa?"

Nikarudishwa nyumbani kuchukua mkeka. Siku yangu ya kwanza kazini niliitumia kupanda na kushuka kilima, na kurudi nilirudi na mkeka wa kulalia wa shangazi, ambao hadi anakufa alikuwa akinidai.

Mzee Hyera hakuwa na meza ya kazi. Kila kilichotoka kwenye pikipiki kilipangwa kwenye mkeka kwa mpangilio kilivyotoka, kutoka kushoto kwenda kulia, na kila upande wa mashine una safu yake. Ukifunga unaanza kulia unarudi kushoto. Hakuna kuandika, hakuna kukumbuka. Na hakuna kuruka mkeka, hata kama unawahi chooni. Mteja mmoja aliwahi kuuruka na viatu vyake vya tope, Mzee akamwambia achukue pikipiki yake vipande vipande aende nayo. Mimi ndiye niliyekwenda kumrudisha yule mtu kutoka barabarani.

Shokapu za mbele ndiyo ilikuwa kazi aliyoipenda. Siku hizi mnaletewa shokapu zimefungwa kwenye boksi, mnazichomeka, mnapiga picha. Zile pikipiki za zamani za Kiingereza zilikuwa na adabu yake. Unaanza na shingo: gololi zake hazikuwa na nyumba, zilikaa huru kwenye kikombe, na ukikosea zinamwagika chini kama mahindi. Unapaka grisi nzito kwenye kikombe, unazibandika mojamoja, zinashikwa na grisi mpaka usukani ukae mahali pake. Hapo ndipo nilipoona kwamba ushonaji haukupotea bure. Baada ya shingo zinakuja bomba mbili, bushi zake, springi ndani, kizibo cha kuzuia oili, halafu miguu inayoshika ekseli ya tairi.

Kisha linakuja jambo ambalo mafundi wengi wa mji huu hawakulijua na wengine hadi leo hawalijui. Usikaze ekseli moja kwa moja. Shusha pikipiki chini, shika breki ya mbele, uukandamize usukani, mbele ishuke na kupanda, ishuke na kupanda, mpaka ile miguu miwili ijipange yenyewe. Ndipo ukaze. Ukikaza kabla, miguu inabanana na shokapu inakuwa ngumu hata ukiweka springi ya dhahabu. Mzee alikuwa akiita hiyo kupigisha magoti. "Umeipigisha magoti?" aliuliza kila mara. Siku moja tulikuwa na pikipiki ya padre wa Kianglikana, nikamtania, "Mzee, hii si ya kanisa letu, itakubali?" Akasema, "Hata yao inapiga magoti. Kandamiza."

Sasa sikilizeni habari ya kigingi. Huku juu kwetu pikipiki ilikuwa mbeba kahawa. Mtu anashuka nayo kutoka Litembo na gunia nyuma, jingine kwenye tangi, na mwenyewe kajibana katikati. Mbele inalala mpaka tairi linakwangua madigadi. Springi mpya hazikupatikana, maana miaka ile hata sabuni ya kufulia ilikuwa ya kutafuta. Mzee Hyera akabuni dawa. Alichonga kigingi kutoka kwenye shina la mkahawa mzee, akakichoma ncha zote mbili kwa chuma cha moto kisinyonye oili, akakishindilia juu ya springi ndani ya bomba. Shokapu ikawa ngumu, pikipiki ikasimama wima hata na magunia. Wakulima walimbariki. Mafundi wengine wakaiga. Ikafika mahali pikipiki ikiingia gereji yoyote ya Mbinga kwa ajili ya shokapu, inatoka na vigingi, bila hata mtu kuuliza, kwa sababu nani asiyejua pikipiki inabeba nini?

Baadaye ikaja ruksa, biashara zikafunguliwa. Ghafla Mbinga ikawa na maduka ya spea yenye vibao vya rangi, wanunuzi wapya wa kahawa wakaja na magari yao, na mitumba ikajaa mpaka Mzee Hyera akaanza kuvaa ovaroli lenye jina la mtu wa Ulaya kifuani. Sisi tukafurahi, tuseme ukweli. Nilishika kizibo cha raba kilichofungwa kwenye mfuko wake wa plastiki nikakinusa kama mkate. Kumbe vingine vilikuwa vya kunusa tu. Unafunga leo, kesho kutwa oili inachuruzika mguuni.

Katika miaka hiyo ndipo alipokuja Mwalimu Haule.

Alitoka Ngumbo, kule ziwani, mwalimu mstaafu, mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa bila kupaza. Pikipiki yake aliachiwa na mmisionari aliyerudi kwao. Aliishusha kutoka juu ya lori, akatusalimu, akakaa kwenye benchi, akakunja mikono.

"Fundi," alimwambia Mzee, "mwaka jana niliileta hapa mkaitengeneza, na mliitengeneza vizuri kabisa. Ila mke wangu haipandi."

Mzee akauliza, "Kwa nini haipandi?"

Akaeleza taratibu. Mama Agnes, mke wake, alikuwa na ugonjwa kwenye mfupa wa mgongo. Hospitali ya Litembo walikuwa wamemwanzishia matibabu marefu, na alitakiwa kupanda huko kila baada ya muda kupata dawa na sindano. Juu ya lori alikuwa akilia njia nzima. Mwalimu akaona ampandishe kwa pikipiki, aendeshe polepole, na ndiyo sababu aliileta ikaguliwe. Ilipotoka kwetu ilikuwa mbaya kuliko lori. Nyuma kiti kilikuwa kizuri, kipana, shokapu za nyuma nzima, lakini mbele ikigonga jiwe dogo tu, pigo linapita kwenye fremu yote mpaka kwenye uti wa mgongo wa yule mama. Walifika kwenye mawe ya kilima cha kwanza, akashuka, akarudi nyumbani kwa miguu akishikilia fimbo. Tangu siku hiyo hakwenda hospitali. Daktari alikuwa amewaambia wazi kwamba akiacha matibabu, miguu itakufa.

"Ameniambia nisimwambie tena habari ya pikipiki," akasema Mwalimu. "Amesema, 'Baba Agnes, mimi si gunia.'"

Mzee Hyera akainuka. Alitandika mkeka, akaanza kufungua. Alipotoa nati ya juu na kuinamisha bomba, kikateleza kigingi, cheusi kwa oili, ncha zote mbili zimechomwa. Akakishika akakigeuza mkononi. Nilikifahamu kisu kilichokichonga, na yeye alikifahamu zaidi.

"Hiki ni changu," akasema.

"Ni kigumu sana," Mwalimu akasema kwa upole, kama mtu anayesifu.

Mzee akakaa chini kabisa, pale kwenye udongo. Nilimwona anatazama lile benchi, anamtazama Mwalimu, halafu akauliza, "Mke wako ana uzito gani?"

"Sijawahi kumpima."

"Basi tutakwenda kumpima."

Nilidhani anatania. Kesho yake tulikuwa juu ya lori, Mzee, Mwalimu, mimi, mkeka, kikapu cha vipande, na pikipiki isiyo na uso imelala ubavu. Yule mama asingeweza kuja Mbinga, kwa hiyo gereji ilimfuata. Nilikuwa sijawahi kushuka ziwani kwa ajili ya kazi. Niliondoka na sweta langu la Mbinga, nikafika nimelifunga kiunoni, jasho linanitiririka, na usipa, wale dagaa wa ziwani, umeanikwa kila mahali mpaka ukipiga chafya unaonja chumvi.

Mwalimu alitangulia ndani kumweleza habari ya kigingi, ndipo Mama Agnes akatupokea mlangoni amejishika kwenye fimbo. Mdogo, mdogo kweli. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza kwetu wapi, wazazi wazima, nimekula nini. Kisha akamgeukia Mzee.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi, mama."

"Ndiye uliyeniwekea mti?"

"Ndiye."

"Mimi si gunia, baba."

"Najua sasa," Mzee akasema. "Nisamehe."

Yule mama akaingia ndani kutuletea chai. Mimi nilikuwa sijawahi kumsikia Mzee Hyera akiomba radhi kwa mtu yeyote, hata kwa mapadre. Nikajifanya nahangaika na kamba ya kikapu.

Tukatandika mkeka kivulini mwa nyumba. Springi za ile pikipiki zilikuwa zimechoka. Duka la spea Mbinga walikuwa wametuuzia mpya, ngumu, zinang'aa, na mimi nilizibeba kwa fahari. Mzee akazishika, akazirudisha kwenye kikapu. "Hizi ni za gunia," akasema. Akachukua zile zilizochoka, akaziosha, akazirudisha. Kwa mzee mwembamba na mke mdogo, zilitosha. Hatari ilikuwa moja tu: bila kigingi, kwenye shimo kubwa zingelala zote na chuma kingegonga chuma, na hilo ni pigo baya kuliko yote. Cha kuzuia lile pigo ni oili. Nzito sana, shokapu haishuki. Nyepesi sana, inadondoka. Kwa hiyo tulichanganya kidogo kidogo, ya injini na ile nyepesi ya mashine za kushonea, kwenye kikombe cha bati cha Mama Agnes, ambacho aliniambia nisijisumbue kumrudishia.

Vizibo vya raba vya dukani vilikataa. Vilikuwa vikubwa kidogo, kidogo tu cha kuudhi. Mzee akakuna kichwa, macho yakamwangukia Mwalimu, akayateremsha kiunoni.

"Mwalimu, mkanda huo ni ngozi?"

"Ni ngozi. Nilipewa siku ya kustaafu."

"Ulete."

Mwalimu akauvua. Tukaukata pete mbili, tukazilowesha kwenye mafuta ya moto mpaka zikalainika, zikaingia zikakaa. Mwenye mkanda akatafuta kamba ya katani akafunga suruali yake, na Mama Agnes akacheka hadi akajishika mgongo, akasema Jumapili padre atafikiri wamelogwa.

Nilibandika gololi za shingo. Tukafunga kutoka kulia kwenda kushoto. Nikakamata breki, nikaipigisha magoti, Mzee akakaza. Mama Agnes akapandishwa kwenye kiti, amekaa upande, kanga imefungwa vizuri, uso umekakamaa. Mwalimu akaondoka naye polepole kuelekea kanisani. Penye mzizi wa mwembe wa kanisani tukasikia chuma, ngwa! Nikafumba macho. Waliporudi yule mama alikuwa ameuma mdomo.

"Bado," akasema. Hakushuka.

Tukaongeza oili nzito kidogo. Wakaenda. Wakarudi. "Imekuwa ngumu tena," akasema. Tukapunguza. Mzee alikuwa amepiga magoti mwenyewe mbele ya tairi, na kila safari alimuuliza maswali kama daktari: inaumiza ikishuka au ikipanda? Inauma juu au chini? Yule mama akamjibu kila swali kwa makini, na nikaona kwamba tangu augue hakuna aliyemuuliza hivyo kuhusu njia, walimuuliza kuhusu ugonjwa tu. Jasho likinitoka, usipa ukinuka, nilimpenda Mzee wangu siku ile kama baba aliyenizaa.

Safari iliyofuata hawakurudi.

Tulisikia mlio wa pikipiki ukipita kanisa, ukipita shule, ukipungua, ukapotea. Mzee akasimama. Akakaa. Akaanza kupanga spana ambazo zilikuwa zimepangwa. "Ameanguka," akaniambia. Nikamwambia hajaanguka. "Mguu umebana, sikukaza sawa," akasema. Nilitaka kukimbia njiani, akanikataza, akataka kwenda mwenyewe, nikamkataza. Tukabaki pale tunatazama njia.

Kisha ukasikika ule mlio, taratibu, wa injini isiyo na haraka. Mama Agnes alikuwa ameshika kiuno cha mumewe kwa mikono miwili na uso wake umelowa machozi. Mzee akamkimbilia, akisema, "Pole, mama, pole, inauma wapi?"

"Tumefika kwenye mawe," yule mama akasema, "pale niliposhukia. Nilikuwa nasubiri iniumize." Akajifuta kwa ncha ya kanga. "Haikuniumiza. Nikamwambia Baba Agnes asisimame, aende tu."

Mzee Hyera akageuka akaenda nyuma ya nyumba, na sisi tukamwacha huko mpaka aliporudi mwenyewe.

Mama Agnes alimaliza matibabu yake yote. Kila walipopanda Litembo na kushuka walipita gereji, naye alikaa kwenye benchi letu kunywa chai, akikagua kazi yangu kwa macho makali. Mwishowe fimbo ikawa ya kufukuzia mbuzi. Na tangu siku tuliyorudi kutoka Ngumbo, Mzee hakufungua shokapu hata moja bila kumuuliza mwenyewe, inabeba nini? Kama ni kahawa, kigingi kilikuwepo, hakuna ubaya. Kama ni mtu, alitaka kujua mtu gani, mzee au kijana, mzima au mgonjwa. Mimi nikaurithi ule usumbufu, nikawasumbua nyie.

Ningeishia hapo. Ila kuna kazi moja zaidi ya shokapu zilezile.

Miaka ilipita, Mzee akaacha kazi, akarudi kijijini kwake, akaugua. Ugonjwa ulimla mwili mpaka mifupa ikawa ndiyo inayolala kitandani. Alitakiwa kupelekwa Litembo. Tulijaribu gari, tukarudi naye kabla ya kufika mbali kwa jinsi alivyokuwa akilia. Akasema aachwe afie nyumbani. Watoto wake wakakubali.

Siku chache baadaye nilikuwa uani kwake namchemshia uji, nikausikia ule mlio wa injini isiyo na haraka. Mwalimu Haule, kichwa kimekuwa cheupe chote, akaizima pikipiki, akanipa mkono, akatoa kanga mbili zilizokunjwa vizuri.

"Mama Agnes kanituma," akasema. "Kasikia. Kasema Mzee Hyera naye si gunia."

Tulimtoa Mzee nje tukamlaza kivulini. Nikatandika mkeka karibu yake aone. Nikafungua nati za juu, nikainamisha bomba, nikamwaga oili. Zile pete za ngozi ya mkanda zilikuwa zimekuwa nyeusi, bado zimeshika. Nilidhani amesinzia. Halafu nikasikia sauti yake, nyembamba, ya kazini.

"Tekla."

"Abee, Baba."

"Inabeba nini?"

Nikainamia mkeka. Spana ilikuwa mkononi na sikuiona kwa machozi.

"Inakubeba wewe, Baba."

Akafikiri. Alifikiri kama fundi, nilimwona, akijipima mwenyewe. "Basi punguza oili," akasema. "Sina uzito tena."

Nikapunguza. Nikaweka ile nyepesi, ya cherehani, karibu yote. Nikafunga kutoka kulia kwenda kushoto. Nilipotaka kukaza ekseli akainua kidole, nikajua. Nikashika breki, nikaipigisha magoti, taratibu, mpaka akatikisa kichwa kwamba inatosha.

Tukamfunga mgongoni kwa Mwalimu kwa zile kanga za Mama Agnes, kama mtoto anavyobebwa, miguu yake ikaning'inia pande mbili. Wakaondoka kwenda Litembo mwendo wa mtu anayetembea, nami nikafuata nyuma kwa miguu na mkeka kwapani. Njia ile ina mawe makubwa pale inapoanza kupanda. Walipoyafikia nikafumba macho. Nilipofumbua, pikipiki ilikuwa imeshayapita, na Mzee alikuwa ameegemeza shavu kwenye bega la Mwalimu, amelala, anakoroma.